Sanduku moja, watu wanne: kucheza karata za kukusanya Mtwara bila kuvunja kibubu

Ukipita barazani kwetu Mikindani Jumamosi baada ya alasiri utakuta mkeka, juu yake kanga iliyokunjwa mara mbili, na watu wanne wameinamia karata ambazo si kopa wala shupaza. Mmoja dereva wa bodaboda, mmoja muuguzi, mmoja mpwa wangu wa kidato cha pili, na mimi. Karata zote tunazochezea zinatoka kwenye sanduku moja, na sanduku hilo lilitugharimu shilingi 18,500. Gawanya kwa nne, kila mtu alitoa 4,625.

Naandika haya kwa sababu nakutana na vijana wengi wanaotamani mchezo huu wa karata za kukusanya, kama Magic na Pokémon, wameuona kwenye simu au kwenye katuni, halafu wanakata tamaa wakiona bei za mtandaoni. Pesa katika mchezo huu haziliwi na kucheza. Zinaliwa na mambo mawili: kila mtu kutaka kumiliki peke yake, na kununua pakiti zilizofungwa ambazo hujui ndani kuna karata ipi. Ukiyaacha hayo mawili, mchezo wenyewe ni rahisi kama drafti.

Chagua mchezo kwanza

Karata za kukusanya zinatofautiana na karata za kawaida kwa kuwa kila mchezaji anajitungia rundo lake kutoka kwenye maelfu ya karata, na kila karata imeandikwa kazi yake. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuenea duniani ni Magic: The Gathering, uliotungwa na Richard Garfield na kutolewa Marekani mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Pokémon ikafuata Japani mwaka 1996, kisha Yu-Gi-Oh! ya Konami mwaka 1999.

Pokémon ndiyo rahisi kwa watoto: rundo la karata 60, unaweka 6 pembeni kama zawadi, na kila ukimwangusha Pokémon wa mwenzako unachukua zawadi. Yu-Gi-Oh! inapendwa na waliokua na katuni yake. Inachezwa kwa karata 40 hadi 60 na kila mchezaji anaanza na pointi 8,000, lakini maandishi yake ni marefu na madogo, na mtu asiyezoea Kiingereza anachoka mapema.

Mimi nakushauri Magic, kwa sababu mbili za pesa. Kwanza, inagawanyika vizuri: watu wengi wanaweza kuchota kwenye sanduku moja na kila mmoja akapata rundo linalochezeka. Pili, karata yake ina upana wa milimita 63 na urefu wa 88, karibu sawasawa na karata za kawaida za dukani zile pana. Utaona faida yake mbele.

Sheria kwa ufupi: unaanza na uhai 20 na karata 7 mkononi. Kila zamu unavuta karata moja, unaweza kushusha ardhi moja, na ardhi ndiyo inayolipia karata nyingine, yaani viumbe wa kupigana na karata za mapigo na hila. Kuna ardhi za aina tano na rangi tano: tambarare nyeupe, kisiwa cha buluu, kinamasi cheusi, mlima mwekundu na msitu wa kijani. Uhai ukifika sifuri umeshindwa, na ukitakiwa kuvuta karata wakati rundo lako limekwisha umeshindwa pia.

Wiki mbili za bure kwenye simu

Kabla ya kutoa hata shilingi, cheza kwenye simu. Magic ina programu ya bure iitwayo MTG Arena, Pokémon ina Pokémon TCG Live, na Yu-Gi-Oh! ina Master Duel. Arena inaanza kwa kukufundisha hatua kwa hatua, na hairuhusu kosa la sheria, kwa hiyo ni mwalimu mzuri kuliko rafiki anayekumbuka nusu nusu. Ila ni nzito. Ipakue penye waifai au kwa bando la usiku, na futa video za zamani kwanza ili simu iwe na nafasi.

Programu hizi zinatengeneza pesa kwa kuuza pakiti za ndani ya simu. Usinunue hata moja. Umekwenda kujifunza tu, na ukishajua kusoma karata na kupanga zamu, umemaliza.

Kwa nini usinunue pakiti

Pakiti ya Magic ya siku hizi ina karata 14 za kuchezea. Zamani ilikuwa 15, na ndani yake 10 zilikuwa za kawaida na moja tu ndiyo adimu. Hujui utapata ipi. Unaweza kununua pakiti kumi ukarudiwa na karata zilezile, huku ile uliyoitaka ikiwa inauzwa peke yake kwa bei ndogo kuliko pakiti moja. Kufungua pakiti kuna raha yake, sikatai, lakini ni raha ya dakika tano. Kwa mtu anayehesabu nauli, ni njia mbaya ya kujenga rundo.

Mimi hilo nililijua kwa kuumia. Mwaka wangu wa kwanza niliagiza boksi lililofungwa kwa muuzaji wa mtandaoni, shilingi 85,000, likaja kwa basi kutoka Dar. Plastiki ilikuwa safi, picha zinang'aa. Tulipozichanga na karata chache halisi alizokuwa nazo mwenzetu, migongo haikulingana: zetu zilikuwa na ukahawia wa kuelekea zambarau, na ukizipinda kidogo zilikunjika kama karatasi ya daftari. Zilikuwa bandia zote. Yule muuzaji hakupatikana tena.

Tangu siku hiyo nimejifunza kipimo kimoja ambacho kila anayenunua Magic akijue. Nyuma ya karata kuna vitone vitano vya rangi. Tazama kile cha kijani kwa lenzi ndogo inayokuza mara 30 au zaidi. Kwenye karata halisi utaona ndani yake vidoa vinne vyekundu vilivyopangwa kama herufi L. Kwenye nyingi za bandia hakuna, au vimetawanyika ovyo. Kama muuzaji hataki uangalie, mrudishie mzigo wake.

Tengenezeni karata zenu

Hapa ndipo penye uhondo. Karata za kuchezea nyumbani mnaweza kuzitengeneza wenyewe. Kampuni ya Wizards of the Coast yenyewe ilieleza hadharani mwaka 2016 kwamba haina tatizo na karata za majaribio ambazo mtu amejitengenezea kwa matumizi yake bila kufanya biashara. Masharti yake yashikeni: msiziuze, msimpe mtu mkidai ni halisi, na msiende nazo kwenye mashindano rasmi.

Mahitaji ni haya. Pakiti za karata za kawaida, zote za aina moja na mgongo mmoja, zinunuliwe siku moja duka moja, maana ukirudi mwezi ujao unaweza kukuta mgongo umebadilika. Pakiti moja ina karata 52 na jokeri mbili, jumla 54. Mimi nilizipata kwa 1,500 kila moja karibu na soko kuu la Mtwara. Gundi ya kijiti, msasa laini, wembe na rula, maka peni, na steshenari ya kuprinti karatasi za A4, ambayo kwetu ilikuwa 300 kwa ukurasa wa nyeusi na nyeupe. Bei zitakuwa tofauti ulipo, lakini hesabu ni ileile.

Kwenye kompyuta ya steshenari tengeneza jedwali la vyumba tisa kwa ukurasa, vitatu kwa vitatu, kila chumba upana milimita 57 na urefu 82. Fanya kidogo kuliko karata makusudi. Karatasi ikifika hadi ukingoni, baada ya siku mbili za kuchanga itaanza kubanduka kwenye kona. Na pima karata zako kwanza, kwa sababu kuna pakiti nyembamba za milimita 57. Kwa hizo punguza chumba.

Kata kwa wembe juu ya ubao, usikate kwa mkasi, mstari utapinda. Sugua uso wa karata kwa msasa mara tatu nne mpaka mng'ao upotee. Ukiruka hatua hii gundi haitashika, kwa sababu karata za dukani zimepakwa plastiki. Paka gundi kwenye karatasi, bandika, panga kumikumi, zilaze chini ya kitabu kizito usiku kucha. Msizipeleke kulaminishwa: zinakuwa nene, zinateleza, na rundo la 40 linaporomoka kila ukilishika.

Sasa maandishi. Msinakili picha. Andikeni kwa Kiswahili, na hapo mtaona mchezo unafunguka kwa watu ambao wangeuogopa. Chukua karata maarufu ya Lightning Bolt. Yetu inasomeka hivi: juu kushoto "Radi", juu kulia gharama yake, duara moja lenye neno "nyekundu", katikati aina yake, "Papo hapo", na chini yake "Mpige mchezaji au kiumbe yeyote pigo la 3." Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina lake la asili, ili mkibishana muweze kuitafuta kwenye Scryfall, tovuti ya bure yenye karata zote za Magic na maelezo yake.

Tumejiwekea maneno yetu. Kuigeuza karata upande ukishaitumia tunasema kuilaza, na mwanzo wa zamu tunaziamsha. Zilizokufa zinakwenda makaburini. Mfalme wa ubishi ni mpwa wangu, na amenifundisha kwamba tafsiri ya haraka inaharibu mchezo. Giant Growth niliiandika "Kiumbe mmoja anaongezewa 3/3", basi (namba ya kwanza ni nguvu ya kupiga, ya pili ni uwezo wa kuhimili pigo). Akaicheza kwa kiumbe wake wa 1/1, na zamu iliyofuata akashikilia kwamba bado ni 4/4, kwa kuwa karata haikusema inakwisha lini. Alikuwa sahihi kwa maandishi yangu. Nikarudi steshenari kuongeza maneno manne, "mpaka zamu hii iishe", na shilingi 300 nyingine zikaenda. Kwa hiyo kabla ya kuprinti, mpe mwenzako asiyejua karata hiyo aisome kwa sauti na akueleze inafanya nini.

Kama mko wawili tu, anzeni na marundo mawili ya karata 60. Sheria inaruhusu nakala nne za karata moja, isipokuwa ardhi za msingi ambazo hazina kikomo. Ukiweka ardhi 24, zinabaki 36, yaani karata tisa tofauti kwa nakala nne nne. Karata 36 ni kurasa nne kamili. Marundo mawili ni kurasa nane, shilingi 2,400, na pakiti tatu za karata, 4,500. Rundo la kijani lenye karata kama Llanowar Elves, Grizzly Bears, Giant Spider na Giant Growth dhidi ya jekundu lenye karata kama Lightning Bolt, Shock, Raging Goblin na Hill Giant linatosha kuwafundisha kila kitu muhimu. Ardhi hazihitaji kuprintiwa: chukua karata za kawaida zilizobaki, andika kwa maka peni usoni MSITU au MLIMA, imekwisha.

Sanduku la watu wanne

Mkishazoea, jengeni sanduku. Wachezaji wa Magic duniani kote wana utaratibu wa kukusanya karata moja moja zisizojirudia, kisha kila wanapokutana wanazigawana upya. Kwa watu wanane zinahitajika 360, kwa wanne 180. Faida yake ni kwamba hakuna mwenye rundo bora kwa sababu ana pesa. Kila Jumamosi mnaanza sawa.

Panga karata 30 za kila rangi, hizo ni 150, na 30 za mwisho ziwe zisizo na rangi ambazo yeyote anaweza kuzitumia. Katika kila rangi weka viumbe 17 hivi, nyingine ziwe mapigo na hila. Nyingi ziwe za gharama ya ardhi mbili au tatu. Sanduku letu la kwanza lilijaa majitu ya gharama sita na saba, tukawa tunakaa zamu tano tunatazamana. Chagueni zile zenye daraja la kawaida, yaani zisizo adimu, ambazo Scryfall inakuwezesha kuzichuja. Kuna hata aina rasmi ya mchezo iitwayo Pauper inayoruhusu karata za daraja hilo tu, na wajuzi wanaipenda kwa sababu inapima akili.

Hesabu yetu ilikuwa hii: kurasa 20, shilingi 6,000, pakiti sita za karata, 9,000, gundi mbili, 2,000, maka peni, 1,000, msasa, 500. Pakiti sita ni karata 324. Ukitoa 180 za mchezo na ardhi 100, ishirini za kila rangi, zinabaki 44 za kurekebishia makosa.

Kugawana kunakwenda hivi. Changa zote 180. Kila mtu apate mafungu matatu ya 15. Fungua fungu la kwanza, chagua karata moja, ifunike mbele yako, fungu lililobaki mpe wa kushoto kwako. Endeleeni mpaka liishe. Fungu la pili linazunguka kulia, la tatu kushoto tena. Mwisho kila mtu ana 45, anachagua 23 bora, anaongeza ardhi 17, rundo la 40 limekamilika. Usichukue rangi zaidi ya mbili mwanzoni. Karata nzuri ya rangi ya tatu itakutongoza, iache ipite.

Kuhesabu uhai tunatumia kete za bao. Kila mtu ishirini, ukipigwa tatu unatoa tatu. Bao lina kete 64, zinawatosha watatu, wa nne anaandika kwenye daftari.

Wazee na neno kamari

Huku kwetu ukitaja karata, mzazi anasikia kamari, na ana haki ya kuuliza. Usicheze kwa kujificha. Siku ya pili ya sisi kukaa barazani alipita mzee wa jirani, akasimama na bakora yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnacheza pesa hapo?"

"Hapana babu. Hakuna hata senti. Karibu ukae utazame."

Akakaa nusu saa. Akataka asomewe kila karata, na alipoona zina maneno matupu, bila picha za mashetani, akaridhika. Karata halisi nyingine zina michoro inayotisha, kwa hiyo maandishi yetu yametusaidia hapo pia. Mwaka ule Magic ilipoanza kulikuwa na kanuni ya kuweka karata moja dau, mshindi aichukue, lakini iliachwa, na karata zilizohusiana nayo zimepigwa marufuku. Nasi dau hatuna, hata la soda. Adhana ya magharibi ikilia, tunafunga. Mwezi wa Ramadhani tunahamia baada ya tarawehe.

Karata halisi, kidogo kidogo

Itafika siku utataka kushika karata halisi. Nunua moja moja kwa jina. Karata nyingi za daraja la kawaida zinauzwa kwa senti chache za dola. Kinachouma ni usafiri. Tazama bei kwenye TCGplayer ya Marekani au Cardmarket ya Ulaya ili ujue usilipe zaidi, kisha mtafute mtu anayerudi nyumbani kutoka nje akubebee. Karata 60 hazifiki gramu 120, hakuna mgeni atakayekunyima nafasi hiyo kwenye begi. Mwandikie orodha yenye majina kamili, kwa sababu karata zinafanana majina.

Wekeni bajeti kabla ya msimu wa korosho, kabla ya pesa kuingia mkononi. Oktoba mpaka Desemba kila mtu Mtwara anajiona tajiri, na ndipo nilipofanya kosa la zile 85,000. Sisi sasa kila mmoja anatoa 1,000 kwa mwezi kwenye kibubu cha sanduku, msimu uwepo usiwepo.

Unyevu

Upepo wa bahari unaharibu karata kuliko mikono. Karata zenye foili, zile za kung'aa, ndizo za kwanza kupinda, kwa sababu upande wa foili haunywi unyevu na karatasi iliyo nyuma yake inakunywa. Kwa hiyo Mtwara na Lindi usinunue foili, hata kwa bei nzuri. Huku kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na miezi hiyo usiache sanduku wazi usiku. Sisi tunatumia boksi la viatu ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Usitumie mchele, vumbi lake linanata na linaita wadudu. Chombo kisiguse ukuta wala sakafu kwa ajili ya mchwa, na kisikae juu ya kabati chini ya bati.

Karata halisi zivalishwe kava, na mkichanganya halisi na za kujitengenezea kwenye rundo moja, zote zivalishwe kava zenye mgongo usioonyesha, la sivyo mtu atajua anachovuta. Mikono ioshwe kwanza, hasa kama kulikuwa na mihogo ya kukaanga.

Kwenye daftari letu la uhai kuna ukurasa wa nyuma wenye majina ya karata ambazo hakuna aliyezichagua Jumamosi tatu mfululizo. Mwisho wa mwezi tunazitoa kumi, tunabandika kumi mpya juu ya zile 44 za akiba. Mwezi huu inatoka Hill Giant, na muuguzi bado anaitetea.